Kabla ya kuwapima wagonjwa, tuwapime wazima

Kipimo cha damu cha ugonjwa wa Alzheimer kiko njiani kuja Lubumbashi. Kitaingia kama vilivyoingia vipimo vingine vya gharama: kwanza katika kliniki ya kulipia, mzee atatolewa damu, sampuli itasafirishwa nje ya nchi, na baada ya muda karatasi ya majibu itarudi. Karatasi hiyo itakuwa na safu mbili. Safu ya kwanza itakuwa na namba ya mzee wako. Safu ya pili itakuwa na namba za mtu asiye na ugonjwa, ili daktari alinganishe. Makala haya yanahusu safu ya pili, kwa sababu hapo ndipo hukumu inapotoka, na damu iliyotumika kuijaza imetoka kwa sehemu kubwa mikononi mwa wazee wa Marekani na Ulaya.

Niseme mapema ninachokitaka. Kabla ya kipimo hiki kuanza kutoa hukumu juu ya wazee wetu, mji huu uwapime kwanza wazee wake walio wazima, kwa utaratibu unaokubalika kisayansi, na namba zao ziwekwe wazi kwa kila daktari. Kazi hiyo inawezekana. Watu wa kuifanya wapo, na fedha za kuifanya, zilizomo katika madini yetu, zinapita kila siku mbele ya macho yetu zikielekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia.

Tarehe 16 Mei 2025, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kwa mara ya kwanza kipimo cha damu cha kusaidia kutambua Alzheimer. Kinaitwa Lumipulse, kimetengenezwa na kampuni ya Fujirebio, na kinapima uwiano wa protini mbili katika plazima, yaani ile sehemu ya maji ya damu. Walengwa ni watu wa miaka 55 na zaidi ambao tayari wana dalili. Sampuli 499 zilichunguzwa. Kati ya watu ambao kipimo kilisema wana tatizo, asilimia 91.7 walithibitishwa kwa picha ya ubongo au kwa maji ya uti wa mgongo. Kati ya walioambiwa hawana, asilimia 97.3 hawakuwa nalo kweli. Waliobaki katikati bila jibu walikuwa chini ya asilimia 20.

Hatua hii ni kubwa, na sitaki msomaji adhani naipuuza. Daktari Mjerumani Alois Alzheimer alieleza ugonjwa huu mwaka 1906, baada ya kuuchunguza ubongo wa mgonjwa wake aliyekuwa amefariki. Kwa miongo mingi baadaye uhakika kamili ulipatikana kwa njia hiyo hiyo tu, baada ya mtu kufa. Kisha zikaja mashine za PET, zinazopiga picha ya ubongo, ambazo ni adimu sana Afrika kusini mwa Sahara, na sindano ya mgongoni, ambayo wagonjwa wengi na jamaa zao huiogopa. Damu ya mkononi ni jambo jingine kabisa. Kila zahanati ya mtaa wetu wa Katuba inajua kuichota.

Kinachotafutwa ndani ya damu hiyo ni chembe za kinachoendelea ubongoni. Katika Alzheimer, protini iitwayo amiloidi beta hurundikana nje ya seli za ubongo na kufanya mabaka, na nyingine iitwayo tau hujisokota ndani ya seli hizo. Amiloidi aina ya 42 inaponaswa katika mabaka, kiasi chake katika damu hupungua. Tau iliyobadilika, hasa ile inayoandikwa p-tau217, huongezeka. Viwango hivi hupimwa kwa pikogramu, na pikogramu moja ni sehemu moja ya trilioni ya gramu. Kwa kiasi kidogo hivyo, jambo dogo lolote mwilini au katika maabara linaweza kuisogeza namba kutoka upande wa wazima kwenda upande wa wagonjwa.

Basi nani huamua mpaka uwe wapi? Maabara zina utaratibu wao. Kwa kipimo cha kawaida, tuseme sukari au chumvi za damu, mwongozo wa kimataifa unataka wachukuliwe watu wazima wa afya wasiopungua 120 kwa kila kundi, wapimwe, kisha ichukuliwe ile asilimia 95 ya katikati. Kwa Alzheimer kuna hatua ya ziada: namba za damu hulinganishwa na picha ya PET au maji ya mgongo, ili uonekane mpaka unaowatenga vizuri wenye mabaka na wasio nayo. Wataalamu wengi sasa wanapendekeza mipaka miwili badala ya mmoja, na eneo la katikati ambalo mtu haambiwi ndiyo wala hapana, bali anatakiwa kuchunguzwa zaidi. Kazi zote mbili zinategemea jambo moja: ni akina nani waliokaa kitini wakanyoosha mkono.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Sayansi ya kanda yetu imelishuhudia jambo hilo zaidi ya mara moja.

Mwaka 2009 watafiti walichapisha viwango vya damu vya watu wazima wa afya kutoka Rwanda, Uganda, Kenya na Zambia, jirani yetu wa ng'ambo ya Kasumbalesa. Walipima zaidi ya watu 2,000. Walipozilinganisha namba hizo na za Marekani, waliona kwamba Waafrika hao wenye afya njema walikuwa na hemoglobini, chembe sahani na baadhi ya chembe nyeupe chini kidogo ya kile kilichoandikwa vitabuni. Kwa vitabu vya kigeni, watu wengi waliokuwa wazima wangeandikwa wagonjwa, au wangekataliwa kuingia katika majaribio ya chanjo. Mwili wao haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika kipimio.

Mfano wa pili unatoka nchini mwetu na unapaswa kutupa fahari. Kwa miaka mingi fomula iliyotumika duniani kukadiria kazi ya figo ilikuwa na kizidishi cha watu weusi: matokeo yao yalizidishwa kwa 1.159. Kizidishi hicho kilitokana na takwimu za Wamarekani weusi, na kikaja kutumika hadi Kinshasa. Justine Bukabau na wenzake wa Kinshasa, pamoja na watafiti wa Abidjan na wa Ulaya, walipima kazi ya figo moja kwa moja katika miji hiyo miwili. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha kwamba kwa Waafrika hao fomula hufanya kazi vizuri zaidi bila kizidishi hicho. Mwaka 2021 Marekani yenyewe ikakiondoa katika fomula yake. Daktari wa Kongo aliwapima Wakongo, na akaona mapema kile ambacho wengine walikuja kukikubali baadaye.

Nimezitaja figo kwa makusudi, maana ndizo zitakazotuletea shida ya kwanza. Mwaka 2022 Michelle Mielke na wenzake walichapisha utafiti wa wakazi wa Minnesota, Marekani, uliopima p-tau217 na p-tau181, aina nyingine ya tau iliyobadilika, kwa watu wa kawaida wa mitaani, si wagonjwa wa kliniki za kumbukumbu tu. Walikuta kwamba mtu mwenye ugonjwa sugu wa figo huwa na p-tau nyingi katika damu hata kama ubongo wake hauna mabaka. Waliopata kiharusi au mshtuko wa moyo nao walikuwa na viwango vya juu, na uzito mkubwa wa mwili ulivishusha. Watafiti hao walionya wazi: ukitafuta viwango vya kawaida bila kuangalia figo, utaupata mpaka usio sahihi.

Sasa tuje kwetu. Utafiti wa Kinshasa uliochapishwa mwaka 2009, ulioongozwa na Ernest Sumaili, ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 12.4 ya watu wazima waliopimwa. Wengi wa wagonjwa wa namna hiyo hawajijui. Shinikizo la damu, ambalo huku tunaliita tu tansyo, linaharibu figo na ubongo kwa pamoja, na wazee wengi hulitambua siku wanapoanguka. Chukua mpaka uliotengenezwa Minnesota, uutumie kwa mzee wa mtaa wetu wa Kamalondo mwenye tansyo ya miaka mingi na figo zilizochoka. Karatasi inaweza kusema Alzheimer wakati kinacholia ni figo.

Lubumbashi ina jambo lake tena, ambalo halimo katika vitabu vya Minnesota wala vya Kinshasa. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Vizazi vitatu au vinne vimeishi chini ya bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines na mlima wake mweusi wa mabaki, na leo viwanda na machimbo vimeuzunguka mji pande nyingi. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Benoit Nemery wa Leuven, Ubelgiji, na wenzao, walichapisha vipimo vya mkojo vya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Kiwango cha kobalti kilikuwa cha juu kuliko kilivyowahi kuripotiwa popote duniani kwa wananchi wa kawaida. Risasi, kadimiamu, aseniki na urani navyo vilikuwa juu. Mwaka 2020 kundi hilo la watafiti likachapisha utafiti kuhusu uchimbaji wa madini na kasoro za watoto wanaozaliwa hapa Lubumbashi.

Kadimiamu na risasi huharibu figo. Hilo linajulikana duniani kote. Risasi huharibu pia ubongo. Kwa hiyo mzee aliyeishi miaka 60 katika mji huu anaweza kuwa na p-tau ya juu kwa sababu ya figo zilizoguswa na madini, au kwa sababu ubongo wake wenyewe umeguswa, au kwa sababu ana Alzheimer, au kwa yote pamoja. Kipimo kilichotengenezwa kwingine hakiwezi kututenganishia mambo hayo. Ni sisi tunaopaswa kuyatenganisha, kwa kupima damu, mkojo na figo za mtu mmoja huyo huyo, siku hiyo hiyo.

Hapa kuna mtego, na watakaofanya kazi hii wauone mapema. Tukisema tunataka viwango vya Lubumbashi, mtu anaweza kuwachukua wazee 120 wa mtaani, akawapima, akatangaza kwamba namba zao ndizo za kawaida kwa Mkatanga. Hilo litakuwa kosa kubwa. Jambo linaloenea kwa watu wengi linaweza kuwa ni madhara yaliyoenea, wala si afya. Historia ya risasi inatufundisha. Mwaka 1960 Marekani ilihesabu mikrogramu 60 za risasi katika desilita ya damu ya mtoto kuwa ndiyo alama ya hatari. Kadiri sayansi ilivyoendelea, mpaka ukashushwa mara kwa mara hadi 10 mwaka 1991, 5 mwaka 2012, na 3.5 mwaka 2021. Watoto waliotajwa wazima katika miaka ya 60 walikuwa wameumizwa tayari. Walionekana wa kawaida kwa sababu wenzao wote walikuwa wameumizwa vilevile. Tusiwafanyie wazee wetu jambo hilo, tukayaandika madhara ya viwanda kuwa ndiyo asili ya mwili wa Mkongo.

Tusiingie pia katika mtego wa pili, wa kutengeneza mpaka wa watu weusi. Mwaka 2022 Suzanne Schindler na wenzake wa St. Louis, Marekani, walilinganisha Wamarekani weusi 76 na weupe 76 waliofanana kwa umri na mambo mengine. Uwiano wa amiloidi 42 kwa amiloidi 40, aina nyingine ya protini hiyo, ulitabiri hali ya ubongo kwa namna moja kwa makundi yote mawili, lakini p-tau181 na viashiria vingine vilitofautiana. Wapo watakaosoma hapo kwamba damu nyeusi inataka namba zake. Fomula ya figo imetuonya juu ya njia hiyo. Rangi haipandishi p-tau. Figo huipandisha, moyo huipandisha, umri huipandisha. Tunachohitaji ni namba zinazomweleza mtu kwa figo zake, tansyo yake, umri wake na mahali alipoishi, ziweze kumsaidia mzee wa Ruashi kama zitakavyomsaidia Mbelgiji mwenye figo mbovu.

Kazi hii haianzii sifuri. Kinshasa imetangulia. Jean Ikanga, mwanasaikolojia wa ubongo anayefanya kazi kati ya Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, na Kinshasa, ameongoza utafiti uliochukua watu 85 wa Kinshasa, 45 wanaoshukiwa kuwa na Alzheimer na 40 wazima, wakapimwa damu na kumbukumbu. Ikanga na wenzake pia wametengeneza seti ya majaribio ya akili kwa Waafrika na viwango vyake kwa Wakongo, kwa kuwa majaribio ya Ulaya yalikuwa yakimhukumu mtu kwa picha na maneno ambayo hajawahi kukutana nayo. Ukimwonyesha mama aliyezeeka Kasenga picha ya chombo asichokijua, kisha ukaandika kwamba amesahau jina lake, hukumpima kumbukumbu.

Jirani zetu nao wametufungulia njia. Katika wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza walipita nyumba kwa nyumba kwa watu 1,198 wa miaka 70 na zaidi, na mwaka 2013 wakatangaza kwamba baada ya kurekebisha umri, asilimia 6.4 walikuwa na demensia, jina la jumla la magonjwa yanayokula akili, ambalo Alzheimer ni moja kati yake. Huko Ibadan, Nigeria, utafiti mrefu uliolinganisha Wayoruba na Wamarekani weusi wa Indianapolis ulionyesha mwaka 2001 kwamba Alzheimer mpya ilitokea kwa asilimia 1.15 kwa mwaka Ibadan, na 2.52 Indianapolis. Watu wenye asili ya Afrika, miji miwili, matokeo mawili. Mahali na maisha vina neno katika ugonjwa huu.

Namba za Hai zinatusaidia kuona hatari ya kupima ovyo. Tufanye hesabu ya mfano tu. Wazee 1,000 wa mji huu, na tuseme 60 kati yao wana ugonjwa. Kipimo kinachopatia mara 90 katika 100, kwa wagonjwa na kwa wazima, kitawakamata wagonjwa 54. Kwa wazima 940 kitawasingizia 94. Kwa hiyo kati ya watu 148 watakaoambiwa wana Alzheimer, karibu wawili katika kila watatu hawana. Ndiyo maana hata Marekani kipimo hiki kimeruhusiwa kwa wenye dalili tu. Na hesabu hiyo imechukulia mpaka ulio sahihi. Ukiuweka mpaka mahali pasipo pake, waliosingiziwa wanaongezeka.

Kusingiziwa huko kuna bei yake katika nyumba za mji huu. Mzee akisemwa kwamba akili imemtoka, watoto huanza kuulizana nani ashike hati za kiwanja. Kama ni mama mjane, anayeongea peke yake usiku na kusahau jina la mjukuu wake, mtaa una jibu tayari: mulozi, yaani mchawi. Wapo kambo zetu, yaani bibi na babu zetu, waliopelekwa katika vyumba vya maombi wafungishwe njaa ili pepo litoke, na wapo waliofukuzwa nyumbani mwao. Jibu sahihi la daktari linaweza kumwokoa mama wa namna hiyo, kwa kuwa linaitaja hali yake kuwa ugonjwa. Jibu la uongo linaweza kumwangamiza mwingine ambaye shida yake ilikuwa tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, kaswende ya zamani, VVU au huzuni nzito ya kufiwa, mambo ambayo yana dawa.

Sasa tuangalie kazi yenyewe ilivyo. Muuguzi anachota damu katika tyubu yenye kifuniko cha zambarau, ambayo ndani ina EDTA ya kuzuia isigande. Anaigeuza taratibu mara kadhaa. Tyubu inaingia katika mashine ya kuzungusha, na baada ya dakika chache chembe nyekundu zinakaa chini, plazima ya rangi ya majani makavu inabaki juu. Plazima hiyo inanyonywa, inagawiwa katika vichupa vidogo vya plastiki aina ya polipropilini, kwa sababu amiloidi hushika katika plastiki nyingine ikapotea, kisha vinaingia katika friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Yote hayo yafanyike ndani ya saa chache.

Fikiria sasa umeme umekatika, kama unavyokatika. Tyubu inakaa mezani saa moja, saa tatu, mpaka jioni. P-tau huvumilia joto vizuri kuliko amiloidi. Amiloidi 42 huanza kupungua. Kipimo kinachogawanya p-tau217 kwa amiloidi 42 kitatoa uwiano mkubwa zaidi, na uwiano mkubwa ndiyo alama ya Alzheimer. Mzee hana kitu, lakini umeme wa siku ile umemwandikia ugonjwa. Kwa hiyo utafiti wa viwango vya Lubumbashi lazima upime pia mambo haya: damu ikikaa muda gani, kwa joto gani, namba zinabadilika kiasi gani. Maabara ya Ulaya haina haja ya kuuliza swali hilo. Sisi tunalo kila siku.

Watu wa kupimwa wapo. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini katika mpango wa kuondoka kwa hiari. Waliobaki hai leo ni wazee, wanajuana na wana vyama vyao. Wachukuliwe baadhi yao, pamoja na wake zao, na wazee wa komini za mji huu za Kenya, Katuba, Kampemba, Ruashi na Annexe, na wengine wa vijiji vilivyo mbali na viwanda. Makundi yawe ya umri: miaka 60 hadi 69, 70 hadi 79, 80 na zaidi, kila kundi wazima 120 au zaidi baada ya kuwatoa wenye figo mbovu, waliopata kiharusi na wenye homa. Wenye figo mbovu wasitupwe. Wapimwe kando, ili tujue namba zao zinakaa wapi. Kila mmoja apimwe kumbukumbu kwa majaribio yaliyotengenezwa kwa ajili yetu, kwa Kiswahili cha hapa au Kibemba au Kiluba. Apimwe madini katika mkojo. Na baada ya miaka miwili na mitano aonwe tena, kwa sababu tusipokuwa na PET ya kutosha, muda ndio shahidi wetu: nani alibaki mzima, nani akili yake ilipungua.

Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba, shule ya afya ya umma na watu wa sumu za mazingira ambao kazi yao inasomwa duniani. Kuna Hospitali ya Sendwe, kuna Kliniki za Chuo Kikuu, kuna kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain. Kinachokosekana ni uamuzi na bajeti.

Najua pingamizi litakalokuja. Nchi ina malaria, ina watoto wenye utapiamlo, ina vita mashariki. Wazee wanaosahau wanaingiaje? Nawajibu kwa heshima, maana swali ni la haki. Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 57 waliishi na demensia mwaka 2021, na zaidi ya asilimia 60 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Watafiti wa mzigo wa magonjwa duniani wamekadiria kwamba idadi ya wagonjwa mashariki mwa Afrika kusini mwa Sahara itaongezeka kwa asilimia 357 kati ya mwaka 2019 na 2050. Mgonjwa mmoja humfunga nyumbani binti au mkaza mwana, ambaye angekuwa sokoni au shuleni. Isitoshe, utafiti ninaouomba hautapima Alzheimer peke yake. Mzee atakayekuja atapimwa tansyo, sukari, figo na madini, na wengi watatibiwa mambo ambayo walikuwa nayo bila kujua.

Wengine watauliza: kujua kuna faida gani wakati dawa hatuna? Kweli, lecanemab, dawa iliyopewa idhini kamili Marekani mwaka 2023, ilianza kuuzwa kwa dola 26,500 kwa mwaka, na huchelewesha tu, haiponyi. Lakini kujua vizuri kunaondoa uchawi katika nyumba. Kunamwelekeza daktari atafute kinachotibika. Na tusipokuwa na namba zetu, hata dawa ya bei nafuu itakapokuja, hatutajua nani apewe.

Fedha zipo. Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inatoa kwa jimbo asilimia 25 ya mrabaha wa madini, na asilimia 15 kwa mamlaka za mitaa yanakochimbwa. Kobalti, iliyotangazwa kuwa madini ya kimkakati mwaka huo huo, inatozwa mrabaha wa asilimia 10. Kampuni za uchimbaji zinatakiwa pia kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii. Madini yaliyoingia katika mkojo wa watu wa Katanga yana deni la kulipa ili tujue yamewafanyia nini watu hao, ubongo wao ukiwemo.

Ombi langu ni hili. Serikali ya Haut-Katanga na Chuo Kikuu cha Lubumbashi waanzishe pamoja utafiti wa viwango vya damu vya wazee wa mji huu, kwa ushirikiano na Kinshasa, Lusaka na Nairobi, na matokeo yawe mali ya umma. Idara ya afya ya jimbo iagize kwamba kila karatasi ya majibu ya Alzheimer itakayotolewa hapa iandike wazi viwango vyake vimetoka kwa watu gani, na iambatane na kipimo cha figo. Madaktari wasimpime mzee asiye na dalili kwa sababu tu familia ina fedha. Na wewe msomaji, ukiletewa karatasi ya mzee wako yenye namba nyekundu, usiikubali kimya. Muulize daktari maswali mawili: figo zake zimepimwa? Na huyu mtu wa afya mnayemlinganisha naye, aliishi wapi?